Kibali cha kuchimba chini ya nyumba: sheria na utaratibu wake nchini Tanzania

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, majira ya asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo la biashara la Kariakoo jijini Dar es Salaam, wakati maduka yakiwa yamefunguliwa na wateja wakiwa ndani. Watu zaidi ya 25 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai katika kazi iliyoendelea kwa siku kadhaa. Wafanyabiashara wa eneo hilo walivieleza vyombo vya habari kwamba sehemu ya chini ya jengo hilo ilikuwa ikichimbwa ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya watu 19 ya kukagua majengo ya Kariakoo, na kabla ya mwezi huo kwisha watu watatu waliotajwa kuwa wamiliki wa jengo hilo walifikishwa katika mahakama ya Kisutu wakikabiliwa na mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na hatima ya shauri hilo ni jambo la mahakama. Hata hivyo, mkasa ule uliliweka mbele ya umma swali ambalo kwa kawaida hubaki kati ya mwenye nyumba na ofisi ya halmashauri: ni nani anayeruhusu kuchimbwa kwa ardhi chini ya nyumba ambayo tayari imesimama na ina watu ndani yake, na ruhusa hiyo hupatikana kwa njia gani?

Swali hilo haliwahusu Watanzania peke yao. Kariakoo ni soko la jumla la nchi nyingi. Wafanyabiashara kutoka Burundi, Rwanda, Uganda, Kongo, Zambia na Malawi huenda huko kununua nguo, viatu, vifaa vya umeme na vyombo vya nyumbani. Wengi wao hupanga fremu, hulaza bidhaa katika stoo za chini na hulala katika nyumba za wageni zilizo juu ya maduka. Anayekanyaga sakafu ya jengo asilolimiliki ana haki ya kufahamu kinachoendelea chini yake.

Kwa nini watu huchimba

Kariakoo ilipimwa na kugawanywa viwanja katika enzi za utawala wa Wajerumani kama mtaa wa makazi ya Waafrika. Jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nyumba zake za mwanzo zilikuwa za aina ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Viwanja vilipimwa kwa kadiri ya nyumba hizo na si kwa kadiri ya majengo ya ghorofa nyingi yaliyokuja kuchukua nafasi yake.

Biashara ilipokua, thamani ya kila mita ya sakafu ilipanda. Fremu moja inayotazama barabara huweza kudaiwa kodi ya miezi mingi kwa pamoja, pamoja na kilemba. Mwenye jengo anayetaka nafasi zaidi ana njia tatu. Kwenda pembeni haiwezekani kwa kuwa ukuta wa jirani umekwisha kufika mpakani. Kwenda juu kunazuiwa na idadi ya ghorofa iliyoidhinishwa na uwezo wa msingi. Inabaki njia ya kwenda chini, kutengeneza sakafu ya chini ya ardhi ambayo mafundi wa mjini huiita besimenti au andagraundi.

Sakafu ya chini ya ardhi si jambo baya kwa asili yake. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na sehemu ya chini ya ardhi tangu lilipojengwa, na wafanyabiashara waliizoea kwa jina la shimoni. Tofauti iko katika mpangilio wa kazi. Pale sokoni shimo lilichimbwa kwanza, msingi ukawekwa chini yake, kisha jengo likapanda. Anayechimba chini ya nyumba iliyokwisha kujengwa anafanya kinyume: anaondoa udongo ambao nyumba inauegemea wakati nyumba hiyo ikiendelea kuuegemea.

Kazi isiyofanana na ujenzi wa kawaida

Msingi hausimami kwa nguvu ya zege na nondo peke yake. Husimama kwa sababu udongo ulio chini yake umebanwa na udongo ulio pembeni mwake. Pembeni pakichimbwa, udongo wa chini hupata mahali pa kukimbilia, na msingi hushuka au huinama. Katika nyumba ya ghorofa inayobebwa na nguzo, kila nguzo hukusanya uzito wa sakafu zote zilizo juu yake na kuushusha katika eneo dogo la ardhi. Nguzo moja ikishuka kwa sentimita chache tu, uzito wake huhamia kwa nguzo za jirani ambazo hazikukusudiwa kuubeba. Ndiyo maana jengo la namna hiyo huweza kusimama bila dalili kubwa kwa siku nyingi na kisha kuanguka kwa dakika moja.

Ili kazi hii ifanyike kwa usalama, wahandisi hushusha msingi kwa vipande. Huchimbwa sehemu fupi yenye upana wa takriban mita moja chini ya msingi wa zamani, ikamwagwa zege, na pengo linalobaki kati ya zege jipya na msingi wa zamani likashindiliwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga. Sehemu mbili zilizo jirani hazichimbwi kwa wakati mmoja. Ile ya pili husubiri ya kwanza ikomae. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, ingawa mhandisi anaweza kuruhusu hatua inayofuata mapema zaidi kwa kutegemea hesabu zake. Nguzo huhitaji kwanza kuegemezwa kwa vyuma vilivyopimwa uzito. Mirunda inayotumika kushikilia mbao za zege haitoshi kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni maji. Dar es Salaam ni mji wa pwani wenye mchanga mwingi, na katika maeneo yake ya bondeni maji ya ardhini hupatikana kwa kina kidogo, hasa baada ya mvua za masika. Mchanga uliolowa hauwezi kusimama wima kama ukuta; hutiririka kuingia shimoni. Fundi akiweka pampu kuyavuta maji bila mpango, pampu huondoka pia na chembe ndogo za udongo kutoka chini ya nyumba ya jirani. Jirani huyo huona nyufa ukutani bila kujua zimetoka wapi. Hata kazi ikiisha salama, chumba kitupu kilicho chini ya kiwango cha maji husukumwa juu kama mtumbwi, na kisipokuwa na uzito au nanga ya kutosha sakafu yake hupasuka na kuvuja.

Jambo la tatu ni wingi wa udongo wenyewe. Chumba cha mita 4 kwa mita 5 chenye kina cha mita 3 hutoa mita za ujazo 60. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye unyevu ina uzito wa karibu tani 1.7, hivyo chumba hicho kimoja hutoa takriban tani 100, sawa na safari 14 au 15 za lori la tani 7. Mzigo wa kiasi hicho hauwezi kufichwa kwa urahisi. Kwa majirani na wapangaji, malori yanayobeba udongo kutoka katika nyumba ambayo haijengwi upya ndiyo ishara ya kwanza kwamba kuna kazi ya chini.

Msingi wa sheria

Utaratibu wa kudhibiti ujenzi mijini nchini Tanzania una mizizi katika sheria za wakati wa ukoloni. Sheria ya mipango ya miji na vijiji iliyotungwa Tanganyika mwaka 1956, iliyojulikana kama Sura ya 378, ilifuata mfano wa Uingereza. Ilitumika kwa zaidi ya nusu karne hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007. Sheria hii ya sasa inaweka kanuni ya msingi: katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango, mtu haruhusiwi kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kuendeleza ardhi si kujenga nyumba mpya peke yake. Kupanua jengo lililopo na kubadili matumizi yake pia kumo. Kwa hiyo chumba cha chini kinachochimbwa katika nyumba ya mtu binafsi kinahitaji kibali hata kama hakionekani kutoka barabarani.

Mamlaka ya upangaji ni halmashauri ya jiji, manispaa au mji. Kariakoo iko katika wilaya ya Ilala, ambayo tangu mwaka 2021 inasimamiwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Maeneo mengine ya mkoa yako chini ya manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, mwenye nyumba hupaswa pia kupata ridhaa ya mamlaka ya hifadhi ya mji huo.

Masharti mengine yametawanyika katika sheria mbalimbali. Wahandisi husajiliwa na bodi yao, ERB, na makandarasi na CRB, zote zikitokana na sheria za mwaka 1997. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wako chini ya AQRB. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya OSHA kwa sheria ya mwaka 2003, tahadhari ya moto chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria ya mwaka 2007, na masuala ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004 inayosimamiwa na mamlaka ya taifa iliyojulikana kwa miaka mingi kama NEMC.

Hatua za kuomba kibali

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha haki juu ya ardhi. Halmashauri haitoi kibali kwa mtu asiyeweza kuonyesha hati au nyaraka nyingine halali ya kumiliki kiwanja, na huuliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Hapa ndipo maombi mengi ya Kariakoo hukwama. Nyumba nyingi ni za urithi, na hati bado ina jina la babu aliyefariki. Msimamizi wa mirathi anahitaji barua ya mahakama inayomtambua, na ni busara awe na ridhaa ya maandishi ya warithi wenzake. Mahali ambapo mwenye kiwanja ametoa ardhi na mwekezaji akatoa fedha kwa makubaliano ya ubia, mkataba unapaswa kusema wazi ni nani mwenye haki ya kuongeza sakafu na nani atakayewajibika kukitokea madhara. Katika jengo lililogawanywa na kuuzwa kwa sehemu, ardhi iliyo chini ni mali ya wote kwa pamoja. Mwenye duka la chini hawezi kuichimba kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatua ya pili ni kuangalia matumizi yaliyoidhinishwa. Kiwanja chenye masharti ya makazi hakigeuki kuwa cha maduka au maghala kwa kuongezewa chumba. Mmiliki huomba kwanza mabadiliko ya matumizi.

Hatua ya tatu ni uchunguzi wa kitaalamu, na kwa kazi ya chini ya ardhi hii ndiyo hatua inayobeba uzito kuliko nyingine zote. Mhandisi aliyesajiliwa hukagua jengo lililopo: michoro yake ya zamani, ukubwa wa misingi, hali ya zege na nondo, na nyufa zilizokuwepo kabla. Michoro isipopatikana, misingi hufunuliwa sehemu chache kwa uangalifu ili ionekane. Udongo hupimwa kwa kutobolewa hadi kina kinachozidi kile kitakachochimbwa, na kiwango cha maji hurekodiwa. Matokeo yake yanaweza kuwa kwamba kazi haifai kufanyika kabisa. Jibu hilo humgharimu mwenye nyumba ada ya mhandisi, lakini huwaokoa watu wengine na gharama isiyolipika.

Hatua ya nne ni michoro. Msanifu majengo huandaa michoro ya mpangilio, ikiwemo ngazi, njia za kutokea, mwanga na hewa. Mhandisi huandaa michoro ya misingi, kuta za kuzuia udongo, uzuiaji wa maji na, jambo linalosahauliwa mara nyingi, mpangilio wa kazi yenyewe: wapi paanze, wapi pasubiri, na nini kishikilie jengo katika kipindi cha katikati. Mchoro unaoonyesha jengo litakavyokuwa baada ya kukamilika hautoshi, kwa sababu hatari kubwa iko kabla ya kukamilika.

Hatua ya tano ni kuwasilisha maombi pamoja na ada ya halmashauri. Serikali imeanzisha mfumo wa kielektroniki wa TAUSI kwa huduma za halmashauri, vibali vya ujenzi vikiwemo. Jalada hupitiwa na wataalamu wa mipango miji, ardhi, uhandisi, afya na zimamoto, kila mmoja kwa upande wake. Wa mipango miji hutazama matumizi na mipaka ya kiwanja. Mhandisi hutazama uimara. Wa afya hutazama hewa, maji taka na unyevu. Wa zimamoto huuliza watu watatokaje ngazi ikijaa moshi. Mwombaji anaweza kurudishiwa michoro ili irekebishwe, au maombi yake yakakataliwa kwa sababu zilizoandikwa. Kurudishwa huko si lazima kuwe usumbufu. Swali ambalo mhandisi wa halmashauri ameliuliza mezani ni swali ambalo vinginevyo lingeulizwa na waokoaji.

Nafasi ya jirani na ya mpangaji

Mwenye nyumba, mhandisi na halmashauri wote wana sauti katika utaratibu huu. Wanaobaki pembeni ni watu wawili walio karibu zaidi na shimo: jirani na mpangaji.

Uingereza, ambako sheria ya Tanganyika ya 1956 ilichota mfano wake, ilitunga mwaka 1996 sheria mahususi ya kuta za mpakani kwa ajili ya England na Wales. Anayetaka kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, na kwenda chini kuliko msingi wa jirani huyo, lazima ampe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Katika hali fulani umbali huo hufika mita 6. Jirani asiporidhia, wapimaji huteuliwa kuamua namna kazi itakavyofanyika. Jijini London, ambako wamiliki wengi wamechimba chini ya nyumba zao, baadhi ya halmashauri zimekwenda mbali zaidi: halmashauri ya Kensington and Chelsea iliweka mwaka 2015 sera inayozuia kwa kawaida kwenda chini zaidi ya sakafu moja.

Sheria hizo hazina nguvu Dar es Salaam, lakini mantiki yake inaweza kufuatwa na yeyote. Kabla ya kazi kuanza, wahandisi makini hupiga picha za kuta za nyumba za jirani na kuandika hali yake mbele ya mwenye nyumba, na nakala ikabaki kwa kila upande. Ufa ukitokea baadaye, hakuna ubishi juu ya lini ulianza. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali panapofaa kushuhudia makubaliano ya namna hiyo, ingawa mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi, na barua yake haiwezi kuchukua nafasi ya kibali cha halmashauri.

Hali ya mpangaji ni ngumu zaidi. Amelipa kodi ya mwaka mzima, ametoa kilemba, na bidhaa zake ziko dukani. Akiona vumbi na kusikia nyundo chini ya sakafu, hasara ya kuondoka anaiona leo, ilhali hatari ya kubaki hawezi kuipima. Kwa sababu hiyo jengo linalochimbwa chini halipaswi kuachwa na watu ndani yake, isipokuwa mhandisi anayesimamia awe ameeleza kwa maandishi sehemu ipi ni salama na kwa kipindi gani. Mkataba mzuri wa upangaji hueleza mapema nani atalipa gharama ya kuhama kwa muda.

Baada ya kibali kutolewa

Kibali hakimalizi wajibu. Eneo la ujenzi husajiliwa OSHA kabla ya kazi kuanza. Mkandarasi lazima awe amesajiliwa CRB katika daraja linaloruhusu kazi ya thamani hiyo. Makandarasi wa majengo hupangwa kuanzia daraja la kwanza, lililo la juu, hadi la saba. Ubao wenye majina ya mmiliki, mkandarasi, msanifu na mhandisi huwekwa mahali panapoonekana, na nakala ya kibali na michoro iliyopigwa mhuri hukaa kwenye eneo la kazi. Mkaguzi wa halmashauri anapofika hulinganisha kinachochimbwa na kilichochorwa.

Ulinganisho huo una maana kubwa kuliko kuwepo kwa karatasi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kibali kilikuwepo, maafisa walieleza wakati ule kwamba ghorofa zilizokuwa zimepandishwa zilizidi zile zilizoidhinishwa. Kuongeza kina cha shimo kwa mita moja baada ya kibali kutolewa ni kosa la aina ileile.

Matumizi ya baadaye nayo yana mipaka. Chumba kilichoidhinishwa kuwa stoo hakifai kulaza watu kama hakina hewa na njia ya pili ya kutokea. Jenereta halipaswi kuendeshwa ndani yake hata kwa muda mfupi, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Pampu ya maji inapaswa kuwa na umeme wa akiba, maana mvua kubwa na kukatika kwa umeme huja pamoja mara nyingi.

Anayejenga bila kibali

Halmashauri ina mamlaka ya kusimamisha kazi, kumtaka mmiliki arudishe hali ya awali, kubomoa na kumfikisha mahakamani. Wakazi wa Dar es Salaam wanazifahamu alama nyekundu za X zinazopakwa ukutani. Lakini alama hiyo hupakwa kwenye ukuta unaoonekana, na kazi ya chini hufanyika ndani, mara nyingi usiku, nyuma ya mlango wa duka uliofungwa. Ukaguzi wa barabarani hauifikii. Taarifa ya mpangaji, jirani au mlinzi ndiyo huifikia.

Kuomba kibali baada ya kuchimba kuna ugumu wa pekee. Ukuta wa ghorofa ya juu unaweza kukaguliwa ukiwa umekamilika; msingi uliokwisha kufunikwa hauonekani. Mhandisi hawezi kuthibitisha asichokiona, na mara nyingi hulazimika kuagiza sehemu zifukuliwe upya, jambo lenye hatari yake.

Hali katika nchi nyingine za ukanda

Kanuni ya msingi ni moja katika ukanda mzima, ingawa vyombo vinatofautiana. Nchini Kenya, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inaipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoa idhini, na anayeendeleza ardhi bila idhini hiyo anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi za Kenya 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mamlaka ya taifa ya ujenzi, NCA, husajili makandarasi na kukagua maeneo ya kazi. Uganda inaongozwa na sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013. Nchini Rwanda maombi ya vibali hupelekwa kwa njia ya mtandao, na nchini Burundi shughuli za mipango miji na ujenzi ziko chini ya shirika la OBUHA.

Maswali ya kuuliza

Anayepanga fremu, stoo au chumba katika jengo lenye kazi ya chini anaweza kuuliza mambo matano bila kuwa mhandisi:

1. Kibali cha halmashauri kiko wapi, na je, kinataja sakafu ya chini ya ardhi?
2. Mhandisi anayesimamia ni nani, na jina lake liko katika orodha ya ERB?
3. Mkandarasi amesajiliwa CRB, au kazi inafanywa na mafundi wa siku?
4. Ubao wa mradi umewekwa wapi?
5. Nani ameandika kwamba watu wanaweza kubaki ndani wakati wa kazi?

Pasipo majibu, mahali pa kupeleka taarifa ni ofisi ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kata, idara ya mipango miji au ya uhandisi ya halmashauri, na ofisi za ERB, CRB au OSHA. Mtoa taarifa si lazima awe raia wala mmiliki. Nyufa mpya zinazokua siku hadi siku, milango inayoanza kukwama, sakafu inayoinama na sauti za kupasuka ndani ya nguzo ni dalili za hatari ya karibu. Zikionekana, watu hutoka kwanza na kuacha bidhaa, na simu hupigwa Zimamoto kwa namba 114.